Kapu la Maembe Mazuri

Juzi, wasomaji wangu, barazani pa ofisi ya kilimo hapa Tabora niliona mchezo ambao jukwaani ungezomewa. Mzungu mmoja, mtaalamu wa ukungu wa matunda, alikuwa ameletwa na treni kuchunguza kinachoozesha maembe yetu, haya ya tangu enzi za misafara. Wakulima wakaambiwa wamletee maembe yao.

Akaja mama mmoja wa upande wa Kipalapala, kapu kichwani. Kufunua kanga, lahaula, maembe manono yanang'aa! Mtaalamu akapasua moja, akanusa, akala, akalamba vidole, kisha akamnong'oneza karani.

"Mama, bwana anasema miembe yako ni mizima."

"Mizima? Maua yanageuka meusi, matunda yanaozea mtini! Haya ndiyo pekee yaliyopona."

"Basi ungeleta yaliyooza."

"We mwanangu! Mgeni katoka mbali hivyo, nimpe uozo? Mama yako hakukufunza? Mwambie twende shambani akajionee mwenyewe. Mwaka huu sina cha kuuza stesheni."

Karani akacheka mpaka akashika meza. "Bwana anawahi treni, mama."

Hapo ndipo nilipochemka. Kosa la huyu mama ni nini, adabu? Mtu kavuka nchi nzima kuutafuta ukungu, halafu kufika Kipalapala kunamshinda! Mtaalamu akainuka, akapangusa midomo, akamwashiria tarishi abebe kapu. Maembe mazima kaondoka nayo, ugonjwa katuachia sisi.