Shamba Lililomngoja Ouma

Asubuhi ile Ouma alikuwa ananisumbua kwa sababu ya sukuma wiki. Tulikuwa kambini Somalia, kwenye mchanga na jua, nami nilikuwa nimepanda mboga katika magunia nyuma ya tangi la maji. Nilisomea ualimu wa kilimo kabla ya kuingia jeshini. Kazi ya kufundisha ilikataa kupatikana, jeshi likanichukua. Kambi nzima iliniita Mwalimu, wengine kwa heshima, Ouma kwa kejeli.

"Mwalimu, gunia hili umelinyima mbolea. Ama ni kwa sababu ni la mtu wa Karungu?"

Gunia lilikuwa lake. Nilimpa makusudi, anyamaze, lakini wapi! Mimi ni wa Migori mjini, yeye alikuwa mtoto wa ziwani, mnene, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Kilimo alikijua kwa kulazimishwa na mama yake. Alipanda miche kombo, akaimwagilia jua likiwa utosini, nami nikamfokea kwamba anaipika. Alicheka tu. Na ile sukuma, kwa ukaidi wake, ilistawi kuliko yangu.

Halafu akaitwa kwenda kisimani na lori la maji. Mimi nilikuwa kwenye gari la ulinzi nyuma yao. Alipopanda, alinipigia kelele: "Omera, ndugu yangu, mtu asiguse sukuma yangu!"

Kisima hakikuwa mbali. Njia ile tulikuwa tumeizoea, na waliotuvizia walijua kwamba tumeizoea.

Niliona lori likiinuka, ndipo nikasikia mlipuko.

Kisha risasi, kutoka upande wa miiba.

Tulijitupa chini. Nilimwona Ouma akitoka mlangoni, mzima, akishikilia kofia yake ya chuma. Akatazama nyuma. Dereva alikuwa bado ndani.

Akarudi.

Moto ukashika lori lote.

Niliita jina lake mpaka afande akanivuta kwa mkanda. Tulirudi nyuma tukijibu risasi, na tulipofika tena pale jua lilikuwa linashuka. Lori lilikuwa chuma cheusi tu. Miili hatukuipata, waliotushambulia walikuwa wamepita pale kabla yetu. Niliwaeleza wakubwa nilichokiona. Wakaniambia kwamba asiyepatikana huandikwa hajulikani aliko, na hivyo ndivyo walivyoambiwa watu wa nyumbani kwake.

Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi, nikapata shule huko Homa Bay, na hatimaye nikaanza kufundisha kilimo. Wanafunzi wamechoka kunisikia nikisema mvua ya kwanza ikinyesha iikute mbegu ardhini. Wananiiga hata sauti nikigeuka ubaoni, nami najifanya sisikii.

Basi siku moja nikapigiwa simu na Odhiambo, mdogo wake Ouma.

"Mwalimu, njoo uongee na mama. Amekataa kupanda, msimu wa pili huu. Tunakula unga wa kununua, na shamba liko hapo linatuangalia. Bibi yangu anataka kurudi kwao. Wewe ni mtu wa kilimo, pengine atakusikia."

Kwetu hakuna anayetia mbegu kabla ya mama mwenye boma. Yeye akifungua, watoto hufuata kwa umri, mkubwa kwanza. Ouma alikuwa kifungua mimba.

Nilifika Karungu na mfuko wa mbegu, mapafu yamejaa somo. Mama yule aliniletea kiti, akaniletea uji, akaniacha niseme yote: mvua, udongo, nafasi kati ya mashimo. Nilipomaliza akapangusa mikono kwenye leso.

"Mahindi naijua, wuoda," alisema. Aliniita mwanangu, na hakuwa na hasira. "Sijakataa kupanda. Lakini kwa boma hii, mbegu yangu ikiingia, inayofuata ni ya Ouma. Nikimruka nikampatia Odhiambo, nimeshamzika. Unataka nizike mtoto kwa jembe la mahindi, bila hata kulia?"

Nilikuwa nimekuja na mbegu, kumbe aliyetakiwa ni shahidi.

"Wale wa serikali walisema hajulikani aliko," akaendelea. "Wewe ulikuwa naye. Niambie."

Nikamwambia. Sikupunguza kitu.

"Alitoka mzima?"

"Alitoka, mama."

"Akarudi mwenyewe? Hakuna mtu alimtuma?"

"Mwenyewe. Kwa ajili ya dereva."

"Huyo ni Ouma kabisa," akasema. "Akiwa mdogo aliruka ziwani kutoa mbuzi ya jirani, na kuogelea hajui. Siku hiyo mwisho alikuambia nini?"

"Kwamba mtu asiguse sukuma yake."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. "Na mligusa?"

"Hapana, mama. Niliimwagilia mpaka ikakauka yenyewe."

Hapo ndipo alipolia. Nami nililia, mwanajeshi mzima, mbele ya Odhiambo na kuku.

Kwetu mtu akifa asipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake. Yago ni ule mti ambao vitabu vyangu vya shule huuita mwegea, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia. Mama aliniomba nilitafute mimi. Katekista wa pale alinung'unika kidogo juu ya mila ile, kisha akaja kuomba pamoja nasi.

Nilichagua tunda kubwa kuliko yote niliyoyaona. Tulilivika shuka. Mazoezini walihitajika watu wawili kumwinua Ouma, na hata hivyo walilalamika. Siku ile nilimbeba peke yangu, kwa mkono mmoja, kutoka mlangoni kwa mama yake hadi shimoni. Nimebeba vitu vizito maishani. Sijabeba kitu kilichoniumiza kama wepesi ule.

Mvua iliponyesha mama alitangulia shambani, akatia mbegu yake. Kisha akanipa jembe.

"Fungua la Ouma. Mlilala hema moja, mtu asiniulize habari ya damu."

Odhiambo na mkewe walisimama pembeni na mbegu zao, wakingoja. Nimefundisha watoto wengi kupanda kwa kamba, mstari umenyooka. Siku hiyo kamba sikuiona vizuri, macho yalikuwa yamejaa. Nilipofika mwisho nikageuka, nikaona mstari wangu umekwenda huko na huko. Nikainama nianze kuufukua upya.

Mama alinishika mkono.

"Wacha hivyo, wuoda," akasema. "Hata yeye alikuwa anapanda kombo."