Kompyuta Ndani ya Mzinga

Kelele za feni ya kompyuta yangu ndizo zilizonifanya fundi seremala kwa wiki moja. Mkataba wangu wa kufundisha chekechea ulikuwa umekwisha, na kampuni moja inayorekodi masomo ya watoto kwa Kikamba ilikubali kunijaribu. Sampuli ya kwanza niliirekodi nyumbani, nje kidogo ya Kathonzweni. Wakanijibu kwa adabu kwamba sauti yangu ni nzuri, ila kuna mtu anasaga mahindi nyuma yangu. Nilipewa hadi Ijumaa saa sita mchana nilete nyingine safi. Kazi hiyo niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, na nimeolewa mara mbili.

Niliamua kulitupa sanduku la bati la kompyuta lililokuwa likitetemeka, nitengeneze la mbao nene lenye feni mbili kubwa za kuzunguka polepole. Na kwa kuwa lingekaa sebuleni, liwe pambo pia. Mbao ni ghali, kwa hivyo nilienda kwa baba, ambaye nyumba yake iko kwenye boma hilohilo ninaloishi. Nyuma ya ghala lake kulikuwa na mizinga ya magogo ya mti wa mukau ambayo haikuwa imeona nyuki tangu ukame uanze. Baba alikuwa mrina asali wa kutajwa hadi sokoni. Siku hizo kazi yake ilikuwa kusikiliza matangazo ya vifo redioni na kukosoa namna yanavyosomwa. Nilipomwomba mzinga mmoja hakuuliza wa nini. Alisema hizo ni kuni tu, nichukue.

Mzinga wetu ni gogo lililokombwa ndani, likazibwa kila upande kwa kifuniko cha ubao. Nililipasua kwa urefu na kulitia bawaba, nikalibandika sponji la godoro kuukuu ndani ili limeze kelele, kisha nikafunga mitambo yote kwa skrubu. Kwenye vifuniko nikatoboa matundu ya kutosha kidole, hewa ipite. Baba alikuwa amechonga alama ya ukoo kwenye kila mzinga, ili wezi wajue wanamwibia nani. Niliichonga upya na kuipaka rangi nyekundu, ikapendeza. Vanishi hunipa kikohozi, basi nikalisugua gogo lote kwa nta iliyobaki kwenye debe la baba hadi likang'aa.

Hapa inanibidi nikiri ujinga wangu. Kwetu mizinga ni mambo ya wanaume, na mimi asali nilikutana nayo ikiwa tayari kwenye sufuria. Kila mvulana aliyekulia hapa anajua kwamba mzinga husuguliwa nta ili nyuki waitike. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia msichana.

Jumatano niliiwasha kompyuta. Ilikuwa kimya kiasi kwamba niliinama kuangalia kama taa inawaka. Furaha iliyonipata sijui niielezeje. Nilijipigia makofi peke yangu. Nikaiweka dirishani, nikaacha dirisha wazi harufu ya gundi itoke, na kesho yake asubuhi nikaenda mjini Wote kutafuta waya wa maikrofoni. Niliporudi, kundi zima la nyuki lilikuwa likiingia kwenye matundu yangu kwa foleni, bila haraka, wenye nyumba wakirudi kwao. Ngurumo iliyotoka mle ndani iliishinda ile feni ya zamani.

Nilikimbia kumwita baba awafukuze. Alikuja na fungu la magome yanayofuka moshi, akafika dirishani, akasimama. Akavua kofia.

"Hizi zimerudi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, zimerudi kwa kompyuta yangu. Alicheka hadi akashika ukuta, na sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimemsikia akicheka. Kisha akaeleza kwamba nyuki wageni wakitiwa moshi huhama moja kwa moja. Wakiachwa siku chache wajenge, yeye mwenyewe angewahamisha taratibu kwenye mzinga mwingine. Siku chache sikuwa nazo.

Ijumaa asubuhi niliwaandikia watu wa kampuni kwa simu kwamba kompyuta yangu imeingiliwa na nyuki. Walijibu kwamba muda ni uleule. Siwalaumu, hata mimi nisingeamini. Nilikuwa bado nimeishika simu baba alipokuja tena na magome yake yakifuka. Alikuwa amenisikia wiki nzima nikifanya mazoezi ya kusoma kwa sauti uani, na alijua siku imefika. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Hiyo kazi ya leo, mama, ni ya maana sana? Sema tu nizitoe."

Ilikuwa saa tatu. Muda ulitosha: moshi, kupangusa, kusoma kurasa mbili, kutuma. Nilimwangalia akisubiri pale mlangoni, amevaa shati lake la kanisani siku ya Ijumaa, nikamwambia hapana, si ya maana.

Alijua nadanganya, nami niliona kwamba anajua. Hata hivyo alitoka na yale magome, akayazamisha yote kwenye ndoo ya maji haraka, kabla sijabadili mawazo.