Mama Wageni afunga safari

Saa moja asubuhi, shuka mbili nyeupe zinachuruzika maji kwenye kamba ya uani, na mwenye nyumba anazipigapiga kwa kiganja zisikauke na mikunjo. Vidole vyake vimesinyaa kwa sabuni. Kando yake kijana wa kigeni, mrefu kama mlingoti, ameinamia karai anafua fulana yake. Kufua ni jina tu, kwa kweli anaitesa.

"Sugua kwapani, mwanangu," mama anamwambia. "Kifuani hapo hapana kosa."

Kijana anaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, kisha anaendelea kusugua kifuani.

Mtaa mzima unamwita mwanamke huyu Mama Wageni. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka kumi na minane kazi yake imekuwa kuwalaza, kuwalisha na kuwafulia vijana wanaotoka ng'ambo kuja kujitolea. Wengine hukaa wiki tatu, wengine miezi miwili. Siku za kazi huwafundisha watoto kuhesabu, au hupaka rangi ukuta wa shule iliyo mwisho wa barabara. Ikifika Jumamosi hupanda basi kwenda kuiona nchi.

Ukuta wenyewe umepakwa na makundi mengi mpaka umenenepa. Kundi la mwaka huu limeuchagulia kijani. La mwaka jana liliacha njano, na waliopaka njano walikuta bluu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Usiwacheke," Mama Wageni anamwonya mwandishi aliyekuja kuandika habari zake, ingawa yeye ndiye aliyeanza kucheka. "Wanakuja na moyo. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wanakuja na jembe lao mkononi, siku ya kwanza wanauliza shamba liko wapi."

Kijana huyu, ambaye amempa jina la Mrefu, anaondoka kesho. Baada yake hatakuja mwingine. Mama Wageni amemwambia mratibu wa shirika linalowaleta wageni kwamba anafunga chumba, na hajui atakifungua lini. Kesho hiyohiyo yeye pia atapanda basi, kwenda kwa binti yake wa pekee ambaye hajamwona kwa miaka minne.

Hajui kama atapokelewa.

Kazi hii aliianza baada ya kufiwa na mumewe, fundi bomba aliyeugua kwa muda mfupi tu. Mratibu wa wakati ule alikuja kukagua nyumba, akafungua milango, akabonyeza magodoro. Chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabarani, kilikuwa cha binti, wakati huo ana miaka tisa. Mratibu akasema hicho kinafaa.

"Nilimwambia mwanangu, mpishe mgeni, ni wiki tatu tu," anakumbuka. "Na kweli zilikuwa wiki tatu. Kisha akaja mwingine."

Binti akahamia stoo, kati ya magunia ya mkaa na ndoo za akiba ya maji. Wageni walipoongezeka, mama naye akatoa chumba chake, akawa analala kwenye kochi la sebuleni. Malipo ya mgeni mmoja kwa mwezi yalitosha kodi ya nyumba na sehemu ya ada ya shule. Wakiwa wawili, palibaki na cha mafuta ya kupikia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipona, siwezi kukana," anasema. "Mwanangu alisoma mpaka akamaliza, akapata kazi kwenye duka la dawa huko mjini. Bila wageni ningemsomesha na nini?"

Chini ya kitanda cha chumba cha mbele kuna ndoo iliyojaa kandambili walizosahau wageni. Hajatupa hata jozi moja, kwa sababu kila anayeondoka humkumbatia, hulia, na kuapa kwamba atarudi. Aliyerudi ni mmoja tu, na zake zilikuwa zimeshatafunwa na panya.

Wamemwachia pia simulizi. Kila Jumapili jioni walimkalisha wakamwonyesha picha za walikotembea, naye akawa anasikiliza huku anamenya viazi.

"Maporomoko ya maji nayajua. Mlima naujua, hata baridi yake inavyouma masikio. Kuna mzee mmoja anachonga vinyago huko milimani, najua mpaka jina la mbuzi wake," anasema. "Nchi yangu nimesimuliwa na wageni. Mimi mwenyewe sijavuka mto."

Anacheka sana, halafu anaacha ghafla na kuanza kukamua foronya ambayo imeshakamuliwa.

Mlango wa uani unasukumwa. Anaingia jirani yake, fundi cherehani, mwanamke mwenye sindano tatu zimechomekwa begani na mdomo usio na breki. Binti wa Mama Wageni humwita mama mdogo, japo hawana undugu wa damu. Amebeba begi la safari aliloliwekea zipu mpya. Nalo liliachwa na mgeni.

"Umemweleza mwandishi?" anauliza.

"Nimweleze nini?"

"Usipomweleza wewe, nitamweleza mimi."

Mama Wageni anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Haya, mweleze," anasema. "Ukikosea nitakusahihisha."

Ilikuwa Jumanne mchana, miaka minne iliyopita, fundi anaanza. Jana yake walikuwa wamefika wasichana wawili, bado hata hawajajua choo kiko wapi. Mama Wageni alikuwa hapahapa uani, mikono imezama kwenye povu, aliposikia hodi. Alikuwa binti yake. Hakupiga simu kabla, na mkononi alikuwa na mfuko mdogo.

"Nilifurahi," anaingilia mama. "Andika kwamba nilifurahi. Niliinuka na povu langu, nikasema karibu, karibu mwanangu."

Kisha akauliza swali ambalo huwauliza wote wanaoingia nyumbani kwake, kabla hata hawajatua mizigo. Mwenye kulaza wageni lazima ajue mapema, apange vitanda, ahesabu shuka, ajue sokoni anunue viazi kiasi gani. Ameliuliza mara nyingi mpaka linatoka lenyewe.

"Utakaa hadi lini?"

Binti alisimama pale penye kamba. Kisha akajibu, "Hadi kesho."

Siku ile alitandikiwa mkeka stoo, kama zamani. Hapakuwa na ugomvi. Alikula, akaosha vyombo, akawafundisha wageni kuwasha jiko. Baada ya chakula cha jioni, mmoja wa wasichana wale alianza kulia kwa kukumbuka kwao. Mama Wageni akaenda kukaa naye kitandani, akampapasa mgongo, akambembeleza mpaka kwikwi zikaisha. Alimwambia maneno yaleyale anayowaambia wote: nyamaza mwanangu, hapa ni nyumbani, mimi ndiye mama yako.

Kati ya chumba kile na stoo kuna ukuta wa mbao.

Asubuhi mkeka ulikuwa umekunjwa. Kabla ya kwenda stendi, binti alipita kwa fundi cherehani, na huko ndiko alikosema alichokuja nacho. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka ikiwa na miezi mitano. Hakuwa amemwambia mtu, alitaka mama yake aisikie kwa mdomo wake mwenyewe, na kwenye simu kila mara aliambiwa subiri mwanangu, mgeni ananiita. Mwanamume aliyempa mimba naye alikuwa ameshaondoka. Alikuja nyumbani kukaa, mpaka moyo utulie.

"Aliniambia, mama mdogo, mama ameniuliza naondoka lini," anasema fundi. "Akacheka. Kicheko kile sikukipenda hata kidogo."

Mrefu, ambaye hakuelewa hata nusu ya maneno, ameacha kufua.

"Nilikuwa nambembeleza mtoto wa mtu," anasema Mama Wageni polepole. "Wangu yuko nyuma ya mbao, analia kimya asinisumbue. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Tangu mdogo, usipige kelele, mgeni amelala."

Machozi yanamtoka na hayafuti, maana mikono ina sabuni.

Fundi alipompa habari hizo, Mama Wageni alipiga simu, ikawa haipokelewi. Alituma salamu, zikajibiwa kwa neno moja. Mwaka wa kwanza alijiambia hasira zitaisha. Wa pili alianza kuogopa. Wageni waliendelea kuja, naye aliendelea kuwaita wanangu, ingawa anakiri kwamba neno hilo lilikuwa limeanza kumwia zito.

Mwezi uliopita fundi cherehani alikwenda mjini kununua vitambaa, akalala kwa binti. Alikuta chumba kimoja safi, kitanda kimoja, jiko dogo. Ulipofika wakati wa kulala, binti alimtandikia kitanda, mwenyewe akashuka sakafuni. Fundi alikataa, wakavutana, mwishowe akashindwa.

"Hakuwa ananionyesha heshima," anasema. "Hajui namna nyingine. Akiona mtu anaingia, anashuka kitandani."

Aliporudi akasimulia, na Mama Wageni hakumaliza chai yake. Siku hiyo hiyo alimpigia mratibu. Kisha akamwomba fundi aulize kama anaweza kwenda. Jibu la binti lilikuwa fupi: "Kama anataka kuja, aje."

"Hakusema karibu," anasema mama. "Lakini hakusema asije."

Begi liko wazi juu ya kiti. Ndani kuna magauni mawili, shuka moja mpya ambayo hajailalia mgeni yeyote, na pembeni umeegemezwa mkeka uliokunjwa, ule wa stoo.

"Mimi nitalala chini," anasema. "Kitanda ni chake. Hata akinivuta, sipandi. Na chumba chake cha dirishani nimekifunga, ufunguo nampelekea. Akitaka kurudi, arudi. Asipotaka, basi abaki nao tu."

Mrefu amejua kwamba kuna safari. Anasogea, mikono ikidondosha maji, anatafuta maneno. Kiswahili chake chote amekipata hapa uani, na sentensi nzima anazozijua ni chache. Anachagua iliyo ya kwanza kabisa, aliyoisikia siku alipoingia mlangoni.

"Mama," anauliza kwa tabasamu, "utakaa hadi lini?"

Fundi cherehani anageuza uso. Mama Wageni anaishika shuka kwenye kamba kama anayetafuta pa kujishikilia.

"Hilo, mwanangu," anasema, "ndilo naomba Mungu nisije nikaulizwa."