Mtoto Aliyesubiri Draiva

Enzi zetu pale Palma, wenzangu mnakumbuka, simu hazijafika, habari ya mtu wa mbali inakuja na msafiri. Tulicheza kombolela mpaka nywele zikajaa mchanga, na tukiitwa kula muhogo wa nazi tunajifanya viziwi. Vijana wa leo wana waya masikioni, hawasikii kweli, hata kujifanya hawana haja.

Baba alikuwa akifanya kazi mjini Pemba, hukohuko kwetu Msumbiji. Alipopata habari kwamba Mama kajifungua mtoto wa kike, alitutumia kwa msafiri kompyuta kuukuu na sidii aliyorekodi sauti yake, na humo kataja jina la mtoto. Sasa kaka yangu Saidi, fundi wa kujitangaza, akaona kompyuta inachelewa kuwaka. Kabla hatujasikiliza chochote akaifuta, akaweka mfumo wa zamani zaidi. Ikawaka upesi, mashallah, lakini bubu. Draiva ya sauti, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutoa sauti, ilikuwa imefutika. Intaneti ya kuitafutia hakuna. Redio ya jirani nayo ikakataa kuisoma sidii.

Siku ya saba ikapita, mtoto kanyolewa nywele, jina hana. Majirani wakamwita Mgeni. Mama alimnunia Saidi, hata uji akawa hamtengei. Mjomba Bakari alikuwa anasafiri kwenda Mtwara, akajitolea kuichukua sidii akaisikilize huko. Mama akakataa katakata.

"Jina la mwanangu halianzi kusikiwa na watu baki," alisema.

Basi Saidi akafanya kama wenye boti za mashine: kifaa kikiharibika unakifungua, unampa msafiri akalinganishe dukani. Akaing'oa kadi ya sauti, kile kibao cha ndani ya kompyuta, nzimanzima, Mama akaifunga kwenye kipande cha kanga, Mjomba akavuka nayo mto Ruvuma. Fundi wa Mtwara alicheka sana, akasema kadi haiumwi popote. Lakini alisoma maandishi yaliyokuwa juu yake, akaijua ni ya aina gani, akampa Mjomba draiva yake kwenye sidii nyingine.

Siku aliporudi nyumba ilijaa watu. Saidi akairudisha kadi, akaweka draiva, jasho linamtiririka. Spika zikakoroma kidogo, kisha tukamsikia Baba: "Asalaam alaykum, watu wa nyumbani."

Mama akajitanda kanga vizuri, akaijibu kompyuta. Sote tukaijibu. Baba akamsalimia kila mmoja kwa jina, na kila aliyetajwa akaitika, ndipo akasema mtoto aitwe Salima, jina la bibi yetu, mama yake Baba. Mama alilia kwa furaha, nami nikalia kwa kumwona yeye.

Huyo Salima yuko Mtwara tangu tulipotawanyika, na juzi kajifungua. Jina la mtoto katutumia kwa sauti kwenye simu. Wanangu wakaikimbiza sauti ili wafike haraka kwenye jina, salamu zote zikawa kelele za kuku. Iliniuma. Nikawanyang'anya simu, nikairudisha mwanzo iende mwendo wake.

"Asalaam alaykum, dada. Mgeni hapa."

Wanangu walicheka waliponiona najitanda kanga. Nikaijibu simu.