Kitufe cha Baragumu

Pale Kaptembwa, Nakuru, ukiuliza Kang'ethe Muiruri ni nani, watu watakutazama tu. Ukiuliza Kamanda, hata mama wa chapati atakuonyesha mlango kwa mwiko wake. Mlango wenyewe ni wa chuma, wa bluu, na komeo lake la ndani lilivunjika miaka miwili iliyopita. Kamanda ni mvivu wa kutengeneza vitu, kwa hiyo huufunga kwa kufuli la nje tu. Ndani mna runinga nne, mabenchi, na harufu ya soksi. Hapo watu wazima wenye wake na ndevu zao hushinda wakicheza gemu.

Gemu yao ilikuwa moja, Ngome. Hiyo si gemu ya kukurupuka. Unatazama kijiji kutoka juu, unajenga kuta, unalima, unapanga askari, unatumia akili. Ukiona adui anatokea, unabonyeza kitufe cha pembetatu, baragumu linalia, na wanakijiji wote, mwenye ndoo, mwenye jembe, mwenye mtoto mgongoni, wanakimbilia ndani ya kuta. Kamanda alikuwa na sheria yake: hata ukishinda vita, ukimwacha mwanakijiji mmoja nje ya lango, umeshindwa. Adhabu ni kutolewa nje ya mlango, usimame juani kando ya sukuma wiki za mama Naliaka, kiziwi wa sikio moja, mpaka mchezo unaofuata uishe. Maxwel Wasike, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana ng'ambo ya barabara, alitolewa nje mara nyingi hivi kwamba Naliaka alimfundisha kufunga mafungu ya mboga.

Watu waliichekelea sheria hiyo na kuifuata. Hakuna aliyejua ilikotoka, kwa sababu Kang'ethe hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi alikuwa na miaka kumi na tisa, kwao Kuresoi. Vijana walikuwa wakipokezana zamu juu ya kilima, ambako debe lilining'inizwa kwenye mti. Ukiwaona wavamizi, unapiga debe, na kina mama na watoto wanakimbilia kanisani. Zamu yake ilikuwa asubuhi. Akawaona, watu kama thelathini, wakipasua shamba la mahindi wakiwa na mapanga na mishale. Debe lilikuwa pale, na fimbo yake. Lakini damu ilikuwa imemchemka. Alichukua panga, akateremka mbio kuwakabili peke yake, mjinga yule.

Alimkata mmoja begani na kuhisi panga likikwama kwenye mfupa. Kisha mshale ukamwingia pajani, akaanguka mtaroni. Wavamizi walimruka na kwenda zao chini, kwenye shamba la viazi, ambako mamake alikuwa akipalilia bila kusikia onyo lolote. Kang'ethe alisikia kila kitu akiwa mle mtaroni. Mamake alimwita kwa jina mara mbili.

Tangu siku hiyo hakuwahi kumwinulia mtu mkono, hata mlevi aliyemtemea mate. Aliiogopa mikono yake mwenyewe. Katika Ngome aliliza baragumu mara elfu moja, na kila mara lango lilipofungwa na watu wote wakiwa ndani, kifua chake kilitulia kidogo.

Sasa sikia walichomfanyia. Baada ya kina Kamanda kusubiri Ngome mpya miaka sita, waliotengeneza gemu wakaleta kitu kinachoitwa Ngome: Upanga. Hakuna kujenga, hakuna kulima, hakuna kupanga. Wewe ni mtu mmoja tu mwenye upanga, na kazi yako ni kuchinja. Nisikufiche, ilikuwa takataka iliyopakwa rangi.

Jumamosi asubuhi chumba kilijaa hadi dirishani. Kamanda akashika padi ya kuchezea, watu wakapiga makofi. Dakika ya kwanza tu, vichwa vilikuwa vikiruka kama kabichi zinazokatwa shambani, na damu ikichirizika kwenye kioo cha runinga. Makofi yakapungua.

"Kuta ziko wapi?" mtu akauliza.

Mtu wa Kamanda mle kwenye gemu akafika kwenye kijiji. Adui wakatokea msituni. Mbele yake akapita mwanamke mwenye ndoo, na kidole gumba cha Kang'ethe kikaenda chenyewe kwenye pembetatu, kama kilivyozoea.

Baragumu halikulia. Upanga ulishuka ukampasua mwanamke yule kutoka shingoni hadi kifuani, na runinga ikampa Kamanda alama hamsini. Akadhani kitufe kimechelewa. Akabonyeza tena, akamkata mzee. Akabonyeza mara ya tatu, na aliyeanguka alikuwa mtoto.

Maxwel akaangua kicheko. "Kamanda, umemaliza mathe ya wenyewe, mama wa watu! Leo ni wewe unaenda nje!"

Kang'ethe alimpiga na padi mdomoni. Maxwel alipoanguka kati ya mabenchi, alimrukia, akampiga ngumi, akampiga nyingine, na nyingine, uso ukiwa umeshalegea chini yake, na hakuacha mpaka wanaume watatu walipomvuta kwa shati likachanika. Jino lilikuwa sakafuni. Kang'ethe akautazama mkono wake wenye damu na kuutambua. Ulikuwa ule ule wa Kuresoi.

Maxwel aliinuka akitema damu. "Mzee, mimi hapa sirudi. Wewe ni muuaji tu."

Kang'ethe aliona kijana amesema kweli.

Jumatano iliyofuata kulikuwa na maandamano mjini. Saa sita mchana wahuni wakateremka Kaptembwa, si kuandamana bali kupora. Walikuwa na marungu na minyororo. Walipindua meza ya mama wa chapati, mafuta ya moto yakammwagikia miguuni. Fundi wa viatu alipokataa kuachia mfuko wake, wakampasua kichwa kwa nyundo yake mwenyewe.

Maxwel alitoka karakanani na nondo. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba, na alikuwa hajasema neno na Kamanda tangu Jumamosi, lakini alipaza sauti. "Kamanda! Tokeni tuwamalize hawa magoons!"

Kang'ethe alinyakua chuma cha kuegemezea mlango na kutoka mbio. Alitaka kuua. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na alisikia utamu wake mdomoni. Alikuwa ameshapiga hatua nne alipomwona Naliaka ameinama juu ya ndoo, akinyunyizia sukuma maji, sikio lake zima likiwa upande usio na kelele. Hakuwa amesikia chochote.

Akasimama. Akageuka, akauvamia mlango wake kwa kile chuma, akaupiga kwa nguvu zake zote, kengele ya wazimu. "Ndani! Wote ndani!"

Wachezaji wake hawakuhitaji maelezo. Sauti ile ilikuwa imewaingia damuni kwa miaka mingi. Walichomoka, mmoja akambeba Naliaka mzimamzima, wawili wakamburuta fundi wa viatu, wengine wakawaokota mama wa chapati na msichana wa shule aliyekuwa amejikunja chini ya meza. Wa mwisho alikuwa Maxwel, bado anatukana, bado anataka kupigana. Kang'ethe akamsukuma ndani kwa bega.

Kisha akakumbuka komeo la ndani lilivyovunjika. Akafunga kufuli kwa nje, na ufunguo akautupa kwenye mtaro wa maji machafu.

"Fungua!" wahuni wakamwambia. Alikuwa ameshadondosha chuma. Rungu la kwanza likampata sikioni. La pili na la tatu yakausaga mkono wa kulia dhidi ya mlango, ule mkono, mpaka vidole vikakaa vibaya. Walimpiga mateke ya mbavu hadi akatapika damu, wakaupiga na mlango, ukakataa kufunguka, wakaondoka. Waliokuwa ndani walisikia kila kitu.

Alipozinduka wodini, Maxwel alikuwa amekaa kando ya kitanda, na pengo lake.

"Ilibidi nikate kufuli na grainda, Kamanda."

"Nani alibaki nje?"

"Hakuna. Ni wewe tu."

"Naliaka?"

"Aliingia. Anasema unamlipa ndoo."

Kang'ethe akafumba macho, na machozi yakamtoka bila aibu. Kisha akasema jambo ambalo hakuna mtu Nakuru aliyekuwa amewahi kulisikia.

"Mamangu aliitwa Wangare. Nilimwacha nje."

Maxwel akavuta kiti karibu, akangoja amalize.