Usipoziba Ufa

Nyuma ya lori lile paliandikwa zamani, kwa rangi nyeupe: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Nilipolijua mimi, kutu ilikuwa imeshakula nusu ya pili ya methali. Yalibaki maneno USIPOZIBA UFA, halafu shimo. Watu wa Lindi, mtaa wetu wa Kibera, walizoea kumuuliza mwenye lori, mama mjane aliyetoka upande wa ziwa, asipoziba kitatokea nini. Naye aliwajibu bila kugeuka, "Chungulia hapo kwa shimo, utaona."

Mimi nilikuwa nimepanga chumba Sarang'ombe, mtaa wa jirani, kwa muda, kama ninavyopanga vyumba vyote. Shule niliiacha mapema kwa sababu miguu yangu haikupenda dawati, na tangu hapo nimechoma mahindi, nimebeba mawe, nimeuza soksi, na kila kazi nimeiacha siku niliyoielewa. Mama huyo wa lori alinichukua nimsaidie kulikwangua. Alisema maswali yangu yangemmaliza, lakini angalau mikono yangu ilikuwa haina kazi.

Lori lile lilimlisha kwa kuhamisha wapangaji. Lakini wapangaji nao walianza kuona aibu. Mtu hataki majirani wapya wamwone akishuka kutoka kwenye kitu kinachodondosha vipande vyake barabarani. Ndipo ikatokea kazi ya Kawangware: akina mama wa nafaka walitaka lori la kuwaletea mahindi na maharagwe kila wiki. Mkubwa wao alikuwa mama mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, mzaliwa wa hapo hapo, mwanamke wa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alipolikagua lori alipanda juu, akapitisha mkono kwenye tundu la sakafu, akatupungia sisi tuliosimama chini.

"Mahindi yangu hayajaomba kuoga," alisema.

Alitoa sharti moja. Lori litengenezwe, kisha lipelekwe pale vijana wanapooshea magari. Magazeti yatandazwe sakafuni, turubai lifungwe juu, maji yapigwe kwa mpira kutoka chini na kila upande. Magazeti yakibaki makavu, kazi ni yetu. Yakilowa, basi. Na sote tulijua hiyo basi ilikuwa na maana gani: lori lingeenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mama angerudi kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya njia, kazi aliyosema alishainusa vya kutosha.

Fundi wa bodi za magari tuliyempata Kawangware alikuwa na nyundo ndogo aliyotembea nayo akigonga mabati kama daktari anayegonga kifua. Bati zima huitika kwa sauti kali. Bati lililooza huguna. Lori letu liliguna karibu lote.

Kazi yangu ilikuwa kukwangua mpaka kufikia chuma cha kweli, na sijawahi kufurahia kazi kama ile. Chini ya rangi kulikuwa na pati ya kuzibia mashimo, chini ya pati kulikuwa na gazeti lililokunjwa, chini ya gazeti gunia, na chini ya gunia kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia, bado kina picha ya jiko linalotabasamu. Mahali pamoja nilikuta saruji. Fundi alimwuliza mama kama alinunua gari au nyumba ya kupangisha. Mama akamjibu kwamba angekuwa na nyumba asingekuwa anaongea na yeye.

Fundi alituonyesha kwa nini ujanja huo wote ulishindwa. Pati ikipakwa juu ya kutu, kutu inashukuru kwa kufunikwa na kuendelea kula gizani. Lazima bati bovu likatwe mpaka penye uzima, kiraka kichomelewe, palipokwanguliwa pasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, maana chuma kilicho uchi hakivumilii umande wa Nairobi hata usiku mmoja. Nilimuuliza kutu inatoka wapi hasa, ndani ya chuma au hewani. Akasema inatoka kwa watu wanaouliza badala ya kukwangua.

Ugomvi ulikuja tulipofika kwenye milango. Chini ya kila mlango, ukingoni kabisa, kulikuwa na vitundu vidogo vilivyojaa tope gumu. Mama aliviona akasema vizibwe. Fundi alisema viachwe, havikuliwa na kutu, vilizaliwa na gari. Mama alimtazama kwa huruma. Mtu aliyelala miaka yote chini ya mabati ya Kibera, akisogeza kitanda kila masika kumkwepa tone, huwezi kumwambia kwamba kuna tundu zuri.

"Ziba," alisema. "Hata methali yangu inasema hivyo."

"Methali yako imeoza, mathe."

"Basi ziba kabla na mimi sijaoza."

Fundi akaziba. Lori ni lake, alininong'oneza, na masikio pia ni yake.

Siku ya maji akina mama wa nafaka walikuja wote, wameleta na viti. Vijana walipiga maji kutoka chini, ubavuni, mbele, hadi lori likaonekana kama linalia. Kisha mama mwenye ploti akapanda, akafungua turubai, akaokota gazeti moja na kulipapasa. Akaokota la pili. Akakaa juu yake kabisa, akainuka, akajipapasa nyuma. Kavu.

Mama alikuwa ameanza kutabasamu pale alipovuta mlango wa dereva kuusogeza. Mlango ukafanya chubwi. Akausukuma. Chubwi, chubwi. Maji yaliingia kupitia mpira wa kioo, kama yanavyoingia katika kila gari, na hayakuwa na pa kutokea.

"Mama," mwenye ploti alisema polepole, "lori lako lina mimba."

Wenzake walicheka hadi viti vikalia. Yeye hakucheka. Alisema mlango unaoweka maji leo utakuwa umeoza kesho, na baada ya mlango ni sakafu, na juu ya sakafu ni mahindi yake.

Mama alinyoosha mkono kwa fundi bila kumtazama, naye akampa msumari na nyundo ndogo. Akapiga magoti kwenye tope, akakizibua kitundu kimoja kimoja. Maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi, yakamlowesha kanga hadi magotini.

Mwenye ploti alingoja mpaka tone la mwisho. "Anza na maharagwe," alisema. "Mahindi tutaongea masika yakiisha."

Masika yalipoisha mama alikuwa bado akiinama kila asubuhi kando ya lori, akipitisha njiti ya ufagio kwenye vitundu kutoa tope, na watu wa Lindi walikuwa na swali jipya: anatafuta nini humo? Alisema analitoa lori nta masikioni. Asubuhi moja mimi nilikuwa nimesimama kando na kifurushi changu, nimekuja kumuaga, maana kutu nilishaielewa.

Alinitazama, akavunja njiti nyingine kwenye ufagio, akaninyooshea.

"Shika upande ule," alisema. "Mahindi yanaanza kesho."