“Mgeni ni Mashine, si Majina Yetu”

Saa mbili asubuhi mjini Garissa, Fowsiya Jelle anaketi mbele ya kompyuta, anabonyeza kitufe kimoja na kuanza kugombana nayo.

“Rudia,” anaiamuru, ingawa haina masikio.

Kisanduku cheusi kilichounganishwa kwenye kompyuta kinarudia. Sauti yake ni ya mwanamume, ya puani, isiyo na haraka. Kwenye skrini pameandikwa “mume wake”. Kisanduku kinasema “myum weik”.

“Umesikia?” Fowsiya anamuuliza mwandishi wa makala haya. “Mume wa mtu amegeuzwa kitu ambacho hata mkewe hawezi kukijua. Na huyu ndiye anayenisomea kazi yangu.”

Anacheka, lakini vidole vyake tayari viko kazini. Anaandika neno lilivyo, kisha pembeni yake herufi nyingine zisizo na maana yoyote kwa mtu anayeona. Anabonyeza tena. “Mume wake,” kinasema kisanduku, safari hii kama mtu aliyekaa Garissa walau mwaka mmoja.

Fowsiya ana umri wa miaka ishirini na minane. Haoni tangu utotoni, alipougua surua kwao Eldas. Ni karani wa redio katika shirika dogo linalounganisha familia zilizopotezana wakati wa vita vya Somalia. Ujumbe wa wanaotafutana huja kwa disketi. Yeye huusikiliza kwenye kisanduku, kisha huusema kwenye redio ya upepo, ile ya kuitana kwa zamu, hadi kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, ambako majina ya wanaotafutwa tu hutangazwa kwa kipaza sauti siku ya kugawa chakula.

Tangu mvua za Novemba 1997 zikate barabara ya kwenda kambini, redio ndiyo njia pekee. Hakuna karatasi inayofika kambini. Kinachofika ni kile ambacho Fowsiya amekisema, na anachosema ni kile alichosikia.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Kisanduku hicho hakijui neno lolote. Hutazama herufi na kuzitamka kwa kanuni za Kiingereza, lugha ya waliokitengeneza. Herufi “e” mwishoni mwa neno huimeza. “I” huigeuza “ai” kinapotaka. Kwa ripoti za Kiingereza kinafaa. Kwa Kiswahili kinachekesha. Kwa majina ya Kisomali, kilikuwa kinapoteza watu.

“Mimi nilisoma shule ya wasioona, kwa Kiingereza na Kiswahili,” anasema Fowsiya. “Kisomali ninakiongea tangu kuzaliwa, lakini hakuna aliyenifundisha kukiandika. Mashine ikisema Zarido, nasema Zarido. Ningejuaje?”

Zarido Kyuma. Hilo ndilo jina alilolitangaza wiki tatu mfululizo mwezi Desemba. Msichana aitwaye Ramlo, aliyekuwa akiishi na jamaa zake Mandera, alikuwa akimtafuta mama yake. Walipotezana mwaka 1991 wakikimbia kutoka mji wa Baardheere, Somalia. Kila wiki jibu kutoka Dagahaley lilikuwa lilelile: hakuna mtu wa jina hilo.

Majibu ya namna hiyo yalizidi kuwa mengi. Makao makuu Nairobi wakauliza kulikoni. Fundi aliyeleta kisanduku akasema kwa simu kwamba hakina hitilafu yoyote, ila majina haya ni ya kigeni.

“Nilimwambia, ndugu yangu, mimi nimezaliwa hapa na wenye majina hayo wamezaliwa hapo ng’ambo ya mpaka. Kisanduku chako kimekuja kwa ndege. Mgeni ni mashine, si majina yetu,” anasema, na hata sasa sauti yake inapanda.

Noordin Bare, msimamizi wa ofisi, hafichi kwamba alikuwa amekwisha kukata tamaa. Alipewa agizo la kurudisha kisanduku, kumhamishia Fowsiya kwenye simu za mapokezi na kuajiri karani anayeona.

“Nilimwita nikamweleza kwa upole,” anakumbuka Noordin. “Nikamwambia, dada, si kosa lako. Akanijibu, ‘Kama si kosa langu, mbona ni mimi ninayehamishwa?’”

Fowsiya aliomba muda hadi barabara ifunguke. Noordin akakubali, bila kuwaambia Nairobi.

Siku hiyohiyo Fowsiya alimwita kwenye redio Siyad Adow, anayepokea ujumbe upande wa Dagahaley. Siyad alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kismayu kabla ya vita.

“Siyad, nakutajia herufi mojamoja, si jina. Uniambie wewe ungesomaje. Ova.”

Akaiagiza mashine itaje herufi kwa Kiingereza. Eksi, ei, ar, i mara mbili, di, o. Akazirudia kwenye redio.

Siyad akaziandika upande wa pili. Kisha akasema: “Walaal, dada yangu, hiyo eksi si zed. Kwetu hiyo ni ha. Ile ha nzito ya kooni. Huyo ni Hareedo. Na jina la pili nitajie. Ova.”

Jina la pili lilianza na “c”. Kwa Kisomali herufi hiyo haina undugu na “k”. Ni sauti inayobanwa kooni, kama Waarabu wanavyoanza jina la Omar. Zarido Kyuma alikuwa Hareedo Omar.

“Nilivua hedfoni nikaziweka mezani,” anasema Fowsiya. “Niliona hasira. Watu walikuwa wanaitwa kwa majina ambayo mama zao hawakuwapa, halafu tunaandika kwamba hawapo.”

Noordin alishauri njia ya mkato: abadilishe tahajia kwenye faili, aandike Hareedo kwa “h” na kazi iendelee. Fowsiya alikataa katakata.

“Jina ni la mwenyewe. Yule binti ameandika jina la mama yake hivyo. Nikilibadilisha huku, likirudi Mandera watamtafuta mtu mwingine. Mashine ndiyo itabadilika.”

Ndani ya programu inayoendesha kisanduku mna kamusi ndogo ambayo mtumiaji anaweza kuijaza: neno linavyoandikwa, na linavyopaswa kusikika. Hakuweza kuiamuru mashine isome kila “x” kama “h”, kwa sababu neno “fax” katika ripoti za Kiingereza lingeharibika. Basi akaingiza jina kwa jina. Akatengeneza kamusi mbili: moja ya ripoti, nyingine ya ujumbe. Siyad akawa anamtajia matamshi kila redio inapopata nafasi, na Fowsiya akaijaribu mashine mpaka imkubalie.

Haikukubali yote. Ile ha ya kooni haimo kabisa ndani yake.

“Haina koo,” Fowsiya anasema. “Hapo inanifikisha karibu. Sehemu iliyobaki naisema mwenyewe.”

Katikati ya Januari alisoma upya ujumbe wote uliokuwa umerudishwa. Mengi ya majina hayakupata mtu hata baada ya kutamkwa vizuri. Mzee mmoja alijulikana mara moja, lakini majirani walisema alishaondoka kambini kurudi Somalia, na kwamba Desemba alikuwa bado yupo. Fowsiya hapendi kulizungumzia hilo.

Jumanne iliyofuata, Siyad alimwita kabla ya zamu. “Fowsiya, nina mama hapa. Anataka kuongea na wewe. Ova.”

Kwa msaada wa redio hiyohiyo, Hareedo Omar alikubali kuzungumza na gazeti hili. Anasema kila wiki ya Desemba alikuwa kwenye foleni ya unga majina yakisomwa.

“Mimi nakaa bale bale, mama ya Ramlo,” anasema kwa Kiswahili alichojifunzia sokoni kambini, ambamo “p” huwa “b”. “Naskia Zarido, nasema maskini, huyo Zarido hana masikio? Mtu yake anamtafuta. Kumbe ni mimi.”

Siku nne baadaye ofisi ya shirika huko Mandera ilimweka Ramlo kwenye redio. Fowsiya aliunganisha, akavua hedfoni na kutoka nje. Alisikia neno la kwanza tu, “Hooyo”, yaani mama. Anasema mengine hayakumhusu.

Agizo la kurudisha kisanduku halijafutwa, lakini Noordin ameacha kulitaja. Sasa Nairobi wanasema wataleta kompyuta za kisasa zinazoendeshwa kwa picha na kipanya, ambazo kisanduku hicho hakiwezi kuzisoma.

“Walete,” anasema Fowsiya. “Na walete inayosema. Wasipoleta, hii haitoki mezani kwangu.”

Ana mpango mwingine. Kuna wasichana wawili wasioona huko Bura ambao wazazi wao wameambiwa kwamba kuhifadhi Kurani kunawatosha. Fowsiya anasema kuhifadhi ni kuzuri, naye alihifadhi. Barabara ikikauka ataenda kuwachukua mwenyewe, awafundishe kupiga chapa na kutumia redio.

Majina yao ameshayaingiza kwenye kamusi. Anabonyeza ili mwandishi asikie. Kisanduku kinayasema yote mawili, bila kosa.

“Nimewatumia habari,” anasema. “Nimewaambia huku kuna kazi, na wakija hawataitwa vingine.”